Tusimtupie mgonjwa wa presha lawama zote

Katika wodi wanakolazwa wagonjwa wa kiharusi, kuna maswali mawili ambayo ndugu huulizwa kila mgonjwa mpya anapofikishwa. Alikuwa na presha? Ndiyo, alikuwa nayo. Alikuwa anameza dawa? Hapo ndugu hutazamana, kisha mmoja wao husema aliziacha tangu mfungo, au tangu mwaka jana, au alikuwa akimeza siku anazojisikia vibaya tu. Mhudumu hutikisa kichwa, na kuanzia saa hiyo mtu yule aliyepooza upande mmoja huitwa mgonjwa mkaidi.

Gazeti hili linaikataa hukumu hiyo. Mgonjwa anao wajibu wake, na tutaufikia. Lakini nchi ambayo wagonjwa wake wengi wa presha wanaacha dawa haiwezi kusema imepatwa na bahati mbaya ya kuwa na watu wakaidi. Watu wengi wakianguka njia ile ile, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, ni njia inayopaswa kukaguliwa.

Wala hatuwezi kusema hatukujua. Utafiti uliofanyika Ilala jijini Dar es Salaam na kijiji cha Shari, Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000, ulikuta karibu watu wazima watatu kati ya kumi wana presha ya kupanda, mjini na kijijini sawasawa. Chini ya mmoja kati ya watano alijua kwamba anayo. Mmoja kati ya kumi alisema anatumia dawa. Waliokuwa na presha iliyoshuka chini ya 140/90 hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulipopita mikoani, robo ya watu wazima walikutwa na presha. Mwaka mmoja baadaye, utafiti wa wazee wa wilaya ya Hai wenye umri wa miaka 70 na kuendelea ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 yao wana presha iliyo juu, na wengi hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Kiharusi nacho kilishahesabiwa kati ya mwaka 2003 na 2006, huko huko Hai na Dar es Salaam. Hai ililingana na nchi tajiri. Dar es Salaam ilizipita.

Duniani kote hali si nzuri, na tusijidanganye kwamba wenzetu wamefika. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2023 kwamba kati ya watu wazima wapatao bilioni 1.3 wenye presha, ni mmoja tu kati ya watano ambaye presha yake imedhibitiwa. Lakini mzigo wa kiharusi haubebwi na dunia. Unabebwa na binti anayeacha biashara yake Kariakoo kumgeuza baba yake kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo.

Tuanze na sababu ambazo wagonjwa wenyewe huzitaja, kwa kuwa ni nadra kusikilizwa.

Presha haiumi. Mtu anaweza kutembea na 190/110, akapanda mlima, akalima, akaimba kwaya, asisikie lolote. Kisha anaambiwa ni mgonjwa, na kwamba atameza vidonge kila siku mpaka mwisho wa uhai wake. Mtu huyu amelelewa na dawa mseto za malaria, dozi ya siku tatu. Amelelewa na dawa za kuua vijasumu za siku tano au saba, na kila mara aliambiwa amalize dozi. Dozi huisha na mtu hupona. Sasa amemaliza vidonge vya mwezi, amepima, amekuta 128/80, amefurahi, ameacha. Kwa akili aliyofundishwa na hospitali yenyewe, amefanya sawasawa. Aliyekosea ni yule aliyemkabidhi pakiti bila kumwambia kwamba presha imeshuka kwa sababu ya kidonge na itapanda tena kidonge kikikosekana.

Wengine hawaanzi kabisa. Mtaani kuna usemi ambao kila mwenye presha ameusikia: ukizianza hizo dawa, huachi mpaka unaingia kaburini. Na wa pili: zinaharibu figo. Usemi huu wa pili umeua watu, kwa kuwa ukweli uko upande wa pili kabisa. Presha isiyotibiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kufa, na wengi wanaolazwa kusafishwa damu walifika huko kwa kukaa miaka bila dawa. Jirani aliyewaona wakimeza vidonge katika miezi ya mwisho, figo zikiwa zimekwisha, alihitimisha kwamba ni vidonge. Nani alimweleza vingine? Redio zetu zina saa nzima za michezo kila jioni. Tukiwa wakweli, hata sisi wa magazeti tumeliandika jambo hili kwa mwaka mara moja, Mei 17, siku ya presha duniani, kisha tukarudi kwenye siasa.

Halafu kuna madhara ya dawa yenyewe, na hapa ndipo ukimya wa hospitali unapotisha. Amlodipini huvimbisha miguu ya baadhi ya watu. Kaptopuri na ndugu zake huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu za kiume. Mwanamume wa miaka 45 akiliona hilo nyumbani kwake hatakwenda kumwambia muuguzi aliye rika la mwanawe, mbele ya foleni, mlango ukiwa wazi. Ataacha dawa, atanyamaza, na mke wake hatajua kwa nini. Ilhali zipo dawa nyingine zisizo na tatizo hilo kwa kiasi hicho, na kubadilisha ni kazi ya dakika moja kwa daktari aliyeuliza. Tena presha yenyewe, ikiachwa, huharibu mishipa ile ile.

Wafikirie pia wanaopewa dawa za kupunguza maji mwilini. Mama anayeuza mboga sokoni, choo kiko mbali na ni cha kulipia, na meza hana wa kumwachia. Dereva wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza. Hawa hawajakataa matibabu. Wanaruka kidonge siku ya kazi, na kwao kila siku ni siku ya kazi. Katika mwezi wa Ramadhani wapo wanaoacha dawa zote kwa siku thelathini, na hali vidonge vingi vya presha humezwa mara moja tu kwa siku na vinaweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku. Shauri la namna hiyo halihitaji mashine wala bajeti. Linahitaji mtu wa kuuliza: mama, kazi yako ni ipi? Baba, unafunga?

Sasa twende kliniki yenyewe asubuhi. Mgonjwa ameamka saa kumi, ameambiwa asile kwa kuwa atapimwa na sukari, kwa hiyo na kidonge cha asubuhi hakukimeza. Ameshuka kwenye daladala, ametembea, amekaa kwenye benchi kwa saa tatu. Anaitwa, anaingia akihema, mkanda wa kupimia unafungwa juu ya mkono wa gauni, mkono unaning'inia, na huku anaulizwa jina la kijiji na namba ya simu. Kila moja ya mambo hayo hupandisha namba. Mwongozo unamtaka akae ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umewekwa usawa wa moyo, asiseme. Namba inatoka 178/104. Inaandikwa kwenye daftari. Anaambiwa apunguze chumvi na apunguze mawazo, na anaelekezwa dirisha la dawa.

Dirishani dawa moja ipo, nyingine hakuna, kanunue nje. Nje anaulizwa anataka vidonge vingapi. Mfukoni ana nauli na hela ya unga. Ananunua kumi badala ya thelathini, na mwezi una siku ishirini zaidi kuliko vidonge vyake. Anarudi mwezi unaofuata, namba ni ile ile, na daktari ambaye hakuuliza amemeza vingapi anaona dawa mbili zimeshindwa, anaongeza ya tatu. Gharama inapanda, mgonjwa ananunua vichache zaidi. Baada ya mara tatu nne za mzunguko huu anaacha kuja, na rejesta ya kliniki inamwandika mtoro.

Yuko pia mgonjwa wa upande mwingine, aliyemeza kila kidonge na bado anasoma 165/100 kila mwezi, na kila mwezi anaandikiwa endelea na dawa. Miaka miwili, dozi ile ile, namba ile ile. Siku akianguka, huyu naye atahesabiwa miongoni mwa waliokuwa kwenye matibabu. Tunawauliza madaktari na matabibu wetu: kama mgonjwa anaitwa mkaidi kwa kutomeza, anayeandika dozi isiyofanya kazi mara ishirini anaitwa nani?

Wapo watakaosema kwamba Mtanzania hawezi kumeza kidonge kila siku maisha yake yote, kwamba si tabia yetu, kwamba umaskini hauruhusu. Jibu lipo, na liko ndani ya hospitali zile zile.

Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilianza kutolewa kitaifa mwaka 2004. Wakati huo wakubwa wa nje walikuwa wakitia shaka kama Mwafrika asiye na saa ataweza kufuata muda wa dawa. Leo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 unaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima walio kwenye dawa hizo virusi vyao vimefubazwa. Ni Watanzania wale wale. Wanakaa vijiji vile vile, wanapanda daladala zile zile, na juu ya yote wanabeba unyanyapaa ambao mgonjwa wa presha hajawahi kuujua. Wanameza kila siku, mwaka hadi mwaka.

Wamewezaje? Kwa sababu kliniki yao, CTC, ilijengwa kwa kudhani kwamba mtu yeyote anaweza kuacha dawa. Dawa ni bure na zipo. Kabla ya kuanza, mgonjwa hukaa na mshauri na kuelezwa ugonjwa wake. Ana kadi, ana tarehe, na asipotokea hupigiwa simu au hufuatwa nyumbani. Wapo WAVIU washauri, watu wanaomeza dawa zile zile, wanaokaa naye na kumweleza walivyovuka miezi ya kwanza. Mwenye hali nzuri hupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja ili asipoteze nauli kila mwezi. Na anapimwa wingi wa virusi, anaambiwa jibu, anajua kwamba vidonge vyake vinafanya kazi.

Nenda sasa uulize katika jengo la pili, hatua mia moja kutoka hapo, kama mgonjwa wa presha ambaye hakutokea mwezi uliopita amepigiwa simu. Zipo kliniki chache zinazofanya hivyo, na tunazipongeza. Nyingi hazina hata orodha ya kujua nani hakuja.

Tunajua tofauti ilitoka wapi. Huduma za VVU zilijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani kupitia PEPFAR na za Mfuko wa Dunia. Presha haikupata mfadhili wa namna hiyo. Lakini mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, nchi nzima ilionyeshwa kwa wiki chache hatari ya afya inayosubiri hela za watu. Na dawa za msingi za presha si teknolojia mpya. Amlodipini na dawa za kupunguza maji hutengenezwa na viwanda vingi, hakuna kampuni inayozihodhi, na ni miongoni mwa dawa rahisi kuliko zote ghalani. Kulaza mgonjwa mmoja wa kiharusi au kumsafisha damu mara tatu kwa wiki hugharimu zaidi kuliko kumpa vidonge hivyo miaka mingi. Serikali inayosema haina fedha za kidonge inaishia kulipia kitanda.

Sayansi nayo imerahisishwa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa CREOLE, uliofanyika katika nchi sita za Afrika, zikiwamo majirani zetu Kenya, Uganda na Msumbiji, ukaonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi mchanganyiko wa dawa mbili wenye amlodipini ndani yake hushusha presha vizuri kuliko ule usio nayo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha ya dawa muhimu vidonge vyenye dawa mbili za presha ndani ya kimoja. Kidonge kimoja kwa siku. Mzee wa miaka 72 asiyeona vizuri hahitaji kupanga rangi nne mezani. Mbona bado mgonjwa wa zahanati anaondoka na pakiti tatu, ya nne akaitafute mjini?

Kuna kundi jingine ambalo hatutalionea haya. Ni wale wanaowaambia wagonjwa waache dawa. Mwaka 2011 nchi hii ilimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, wakubwa kwa wadogo, kwa ahadi ya kupona kisukari, presha, saratani na Ukimwi. Wapo waliotupa vidonge vyao njiani. Tulidhani taifa lilipata somo. Badala yake kikombe kimegawanyika kuwa chupa elfu moja: ziko stendi, ziko kwenye vipindi vya redio vya kulipiwa, ziko kwenye simu zetu, zikiitwa tiba lishe, na nyingi zinaahidi kuondoa presha kabisa ndani ya siku chache. Hatuwashambulii waganga wa tiba asili, ambao sheria inawatambua na baraza lao lipo. Wala hatusemi mtu asinywe maji ya rozela au asile kitunguu saumu. Tunasema kwamba anayemwambia mwenye 180/110 aache dawa za hospitali anacheza na uhai wa mtu, na mamlaka zinazoruhusu tangazo lake lirushwe hewani zinashiriki. Kadhalika mhubiri anayemtaka mgonjwa athibitishe imani yake kwa kuacha vidonge jukwaani. Ugonjwa huu hauna dalili. Mtu huyo atashuka jukwaani akijisikia mzima kabisa, atatoa ushuhuda, na watakaouona mwisho wake ni wa nyumbani kwake.

Wanaomeza bila kuacha, tumewatazama pia, maana hao wapo na wana la kutufundisha. Wengine walimwona mama au kaka akianguka. Wengine wana mtoto anayetuma hela ya dawa kila tarehe moja na kupiga simu usiku kuuliza. Wengine wana mashine ya kupimia nyumbani, na namba ile huwafanyia kazi ambayo maumivu yangeifanya. Na wapo ambao muuguzi mmoja, katika zahanati moja, anawajua kwa majina na huwakalipia kwa upendo wakichelewa. Chunguza vizuri: kila mmoja wao ana mtu au kitu kinachomrudisha kwenye kidonge. Asiye na ndugu wa namna hiyo anastahili kuwa na kliniki ya namna hiyo.

Mgonjwa naye asikie. Ukiacha dawa, sema. Daktari asiyejua kwamba umeacha atakuongezea nyingine, na siku ukiamua kuzimeza zote kwa pamoja unaweza kuanguka. Usiazime vidonge vya jirani. Moyo wake na figo zake si zako. Usisubiri kichwa kiume. Kama dawa inakuvimbisha miguu au inakusumbua chumbani, una haki ya kubadilishiwa, na huna sababu ya kuona haya kuidai. Wanaume, ambao kwenye mabenchi ya kliniki hizi mnaonekana wachache na kwenye vitanda vya kiharusi hamkosekani, hili ni lenu kwanza.

Kwa Serikali tuna madai, na hatuyatoi kwa unyenyekevu kwa sababu muda umekwisha kwenda. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Ubure wa dirisha lisilo na dawa haumsaidii mtu, na Bohari ya Dawa pamoja na halmashauri zinazoagiza dawa lazima ziwajibike kwa kila mwezi ambao amlodipini haikuwapo zahanati. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Dawa za presha ziwe ngazi ya zahanati ndani ya kitita cha msingi, zitolewe za miezi mitatu kwa aliyedhibitiwa, bila kumpeleka hospitali ya wilaya kwa kidonge kimoja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoajiriwa wapewe mashine za presha na orodha ya majina, wafuatilie wasiokuja. Na kampeni za kupima bure viwanjani zisiendelee kumwambia mtu ana presha kisha zikafunga turubai na kuondoka. Kila aliyekutwa nayo aandikwe, apewe tarehe na mahali, na pawepo mtu wa kuulizwa kama alifika.

Jambo la mwisho ni hesabu. Kila mwaka Waziri wa Afya husoma bungeni idadi ya waliopimwa, majengo yaliyojengwa na vifaa vilivyonunuliwa. Tunataka namba nyingine, kwa kila halmashauri, isomwe katika bajeti ijayo na kila bajeti itakayofuata: wagonjwa wa presha waliosajiliwa ni wangapi, na kati yao wangapi walikuwa chini ya 140/90 mara ya mwisho walipopimwa. Halmashauri isiyoweza kuitoa namba hiyo, mganga mkuu wake aeleze mbele ya madiwani kwa nini hana.